Pinde ndefu zilishinda Agincourt, mbona mezani kwangu zinapigwa kila Jumapili?

#1 MpindeMrefu
Wakuu, salama. Naingia moja kwa moja.

Nina jeshi la Waingereza wa Vita vya Miaka Mia, sanamu za milimita 15. Tunacheza kwa kanuni za DBA (mchezo wa vita vya kale wa mezani) toleo la 2.2: vibao 12 kila upande (kibao ni kipande chenye sanamu juu yake, kinasogea kama kikosi kimoja), meza ya futi mbili kwa mbili, anayepoteza vibao vinne kwanza kaaga. Zaidi ya nusu ya vibao vyangu ni wapiga mishale wa pinde ndefu. Waliobaki ni watu wa deraya (mavazi ya chuma) niliowashusha farasi wapigane kwa panga. Mpinzani ni binamu yangu, ana Wafaransa, karibu jeshi zima ni farasi wazito.

Historia nimeisoma nikashiba. Crécy 1346, Poitiers 1356, Agincourt 1415, kote Mfaransa kalia. Mezani nimefungwa mara sita mfululizo. Jana vibao vinne vimeondoka kabla chai haijapoa, na chai yenyewe kainywa yeye.

Kanuni mbovu, mimi mbovu, au historia ilitupiga chenga? Na je, nibadili jeshi?

#2 KadibodiJenerali
Ngoja nikae hapa, natoa karanga kabisa.

#3 Tope_Tupu
Jibu ni moja: TOPE. Agincourt Wafaransa walikuja wote na farasi, wakazama, wakachinjwa kama kuku. Meza yako ni kavu, unategemea nini? Weka tope.

#4 Nyuki_wa_Hamburg
@Tope_Tupu tope lilikuwepo, hilo sikukatalii. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba mvua ilinyesha na shamba lilikuwa limetoka kulimwa. Ila si kweli kwamba walikuja wote na farasi. Wengi wao walikuja kwa miguu, ndani ya deraya, wakilivuta tope hatua kwa hatua. Wapanda farasi walikuwa kikosi cha pembeni tu, cha kuwatawanya wapiga mishale, nacho hakikufika na watu wa kutosha. Farasi waliochomwa mishale wakageuka, wakawakanyaga wenzao waliokuwa wanakuja nyuma.

Kwa hiyo MpindeMrefu, binamu yako anapokuja na farasi watupu hachezi Agincourt hata kidogo. Anacheza Crécy, bila yale makosa ya Crécy.

#5 Tope_Tupu
Sawa mkuu, nimekubali. Lakini tope libaki.

#6 Mtaani254
Buda, wewe unalia na historia na mwenzako anakulia vibao. Badilisha jeshi. Chukua Wamongolia uone kama kuna mtu atakunywa chai yako tena.

#7 Mwl_Rehema
Habari zenu. Nafundisha hesabu, nitasema kwa namba, mnivumilie.

Kibao chako cha pinde kina 4 dhidi ya aliyepanda farasi. Farasi mzito ana 3 dhidi ya wa miguu. Kila mmoja anarusha dadu na kujumlisha. Ukimpiga kwa mbali, ili afe papo hapo lazima jumla yako ifike mara mbili ya yake. Dadu mbili zina michanganyiko 36, tuhesabu:

Kibao kimoja kikipiga peke yake, anakufa katika michanganyiko 4.
Vibao viwili vikimlenga huyo huyo, anapunguziwa 1, anakufa katika 9.
Vibao vitatu vikimlenga mmoja, anapunguziwa 2, anakufa katika 15.

Umeona? Ukigawa watatu kila mtu na wake, nafasi zako ni nne, nne, na nne. Ukiwaelekeza wote kwa mmoja ni 15. Wapiga mishale hawapendi usawa.

Sasa twende kwenye kugusana. Farasi akikufikia, anakushinda katika 10, na kibao cha pinde kikishindwa na farasi hakirudi nyuma, kinakufa. Wewe unamuua katika 4 tu, zile za mara mbili. Zilizobaki mnasukumana. Hapo ni kabla hujawekewa kibao ubavuni cha kukupunguzia, na kama anayekuja ni jemadari wao ana moja ya ziada.

Kwa hiyo swali langu kwako: unapigana ukiwa mbali au unapigana umeguswa?

#8 MpindeMrefu
Mwalimu, asante. Nimeguswa. Kila mara nimeguswa.

#9 KadibodiJenerali
"Kila mara nimeguswa" 😂 niandikieni hiyo kwenye fulana.

#10 Mkuki_na_Ngao
Mwalimu Rehema hesabu zako ziko sawa, nimezirudia kwa karatasi. Lakini kuna kitu umekiacha mlangoni. Katika 2.2 upinde unafika hatua 200 tu za mezani. Farasi wazito kwa zamu moja wanaenda mbali zaidi ya hapo. Na katika zamu yake mtu anasogea kwanza, mishale inafuata. Maana yake binamu anasimama nje kidogo ya hatua 200, anasubiri dadu nzuri ya amri (ile inayosema utasogeza vibao vingapi zamu hiyo), anakuja moja kwa moja hadi puani. Hiyo mishale ya watatu kwa mmoja wameipiga saa ngapi?

Ndiyo maana toleo la 3 limeongeza umbali wa upinde hadi upana wa vibao vitatu. Waandishi wenyewe waliona. Ndugu yangu MpindeMrefu, kosa si lako, kosa ni toleo.

#11 Mwl_Rehema
@Mkuki_na_Ngao hoja nzuri, nimeikubali nusu. Nusu nyingine: akisimama nje ya hatua 200, nani amemwambia MpindeMrefu asimame uwanjani peupe akimsubiri? Weka kichaka mbele, farasi akiingia humo anapunguziwa 2 na mwendo wake unakufa.

#12 Mkuki_na_Ngao
Kichaka anaweka nani? Hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Kwenye DBA kila jeshi lina namba ya uchokozi. Mnarusha dadu, mnajumlisha uchokozi, aliye juu anakuwa mvamizi, na mandhari inawekwa na anayevamiwa. Waingereza wa enzi hiyo uchokozi wao uko juu, maana walikuwa wanavuka bahari kwenda kuchoma vijiji vya watu. Basi mara nyingi MpindeMrefu ni mvamizi, na binamu ndiye anayeweka mandhari. Mtu mwenye farasi watupu ataweka nini? Uwanja wa mpira.

Kumbe Edward wa Tatu, mfalme wa Waingereza, pale Crécy alivamia nchi, lakini siku ya vita alichagua mlima wake akasubiri. Mvamizi wa nchi, mtetezi wa siku ile. Kanuni imeyabana mambo mawili kwenye dadu moja.

#13 MpindeMrefu
Mkuu hapa umenigusa pabaya. Katika michezo sita nimekuwa mvamizi mara tano. Binamu anaweka vilima viwili pembeni kabisa na katikati anaacha kama nyama ya ubavu.

#14 FundiNdala
Nje ya mada kidogo, vilima vyenu mnatengeneza na nini? Mimi nakata ndala zilizokufa. Unachukua soli, unachonga ukingo kwa wembe ukiuweka mlalo ili kilima kisiwe kama ngazi, unapaka gundi, unamwagia mchanga uliochekechwa. Ukikauka unapiga rangi ya kahawia, halafu brashi kavu ya njano juu juu. Msitu natumia dodoki. Likate vipande, lichovye kwenye rangi ya kijani iliyozimuliwa, lianike juani siku mbili. Ukitazama kwa mbali ni mti kabisa. Mto ni kitenge cha buluu, mama watoto bado anakitafuta.

#15 Mtaani254
FundiNdala wewe ndiye sababu bado niko kwa hili jukwaa.

#16 KadibodiJenerali
Mimi sanamu sina kabisa, nacheza na vizibo vya soda. Nyekundu Mfaransa, buluu Mwingereza, kilichokunjwa katikati ndiye jemadari. Juzi nilipigana vita nzima kumbe moja ya vizibo vyangu ni cha mgeni aliyekuwa anakunywa soda pale mezani. Kilikuwa kinapigana vizuri tu.

#17 MzeeWaBao
Vijana, mimi mambo ya farasi sikuyakuta, kwetu Unguja nimekuta bao. Nawasoma tu. Huyu kijana aliyeanzisha uzi namjua hata kama simjui. Kwenye bao la kiswahili unaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbilimbili kwenye mashimo mawili jirani, na 22 mkononi. Nyumba ikinona, mkono unamwasha kijana. Anaivunja mapema, anazisambaza kete, anasikia raha ya mchezo mmoja. Baada ya hapo hana pa kuegemea.

Kijana, hebu sema kweli. Wapiga mishale wako unawasogeza mbele?

#18 MpindeMrefu
Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, nawasogeza. Nikikaa tu naona kama sichezi.

#19 MzeeWaBao
Marahaba. Basi.

#20 Nyuki_wa_Hamburg
Mzee kamaliza kwa neno moja, lakini nimpinge kwa heshima. Henry wa Tano pale Agincourt ALISOGEA. Alisubiri, Wafaransa hawakuja, akaamuru vigingi (miti iliyochongoka ya kuzuia farasi) ving'olewe, jeshi likasogea hadi umbali wa mshale, vigingi vikapigwa upya, ndipo wakaanza kurusha. Sasa fikiria dakika zile vigingi viko mabegani. Mfaransa angekuja wakati ule, leo tusingekuwa na uzi huu. Kwa hiyo kusogea si dhambi. Kukutwa huku unasogea ndiyo balaa.

Mifano ya waliokutwa ipo. Patay, tarehe 18 Juni 1429. Wapiga mishale wa Kiingereza walikuwa wamejificha wanajipanga, akatokea kulungu dume, wakapiga ukelele wa kuwinda kama watoto. Maskauti wa Kifaransa wakasikia. Farasi wakafika kabla vigingi havijaingia ardhini, kazi ikaisha pale pale. Na Verneuil 1424, ardhi ilikuwa ngumu, vigingi vikagoma, wapanda farasi wa Lombardia waliokodiwa na Wafaransa wakapita katikati ya wapiga mishale hadi kwenye mizigo. Waingereza walishinda siku ile kwa sababu hao Walombardia walinogewa na mizigo, na watu wa panga waliosimama katikati walikaza.

#21 Tope_Tupu
Yaani kulungu kawaponza 😂😂 Na mimi kulungu wangu ni simu. Nikiisikia inaita, zamu imeharibika.

#22 Mtaani254
Nyuki, kwa hivyo upinde haukuwa silaha kali vile tunaambiwa? Nilikuwa najua unatoboa chuma kama karatasi.

#23 Nyuki_wa_Hamburg
Inategemea umbali, chuma, na sehemu iliyopigwa. Kufikia 1415 deraya ya bamba la kifuani ilikuwa imekomaa, hiyo mishale mingi iliteleza. Lakini farasi hakuwa amefunikwa kama bwana wake, na mtu anayetembea ameinamisha kichwa ili mshale usiingie kwenye tundu la jicho anachoka mara mbili. Wakishafika wamechoka na wamebanana, wapiga mishale wenyewe waliweka pinde chini, wakaingia na nyundo na visu. Mezani hakuna kibao kinachogeuka hivyo. Ukiwa pinde, wewe ni pinde hadi kifo.

#24 Mkuki_na_Ngao
Ndicho nilichosema, kosa ni la kanuni.

#25 Mwl_Rehema
Mkuki na Ngao, wewe kila kitu ni kosa la kanuni. Binamu wa MpindeMrefu anacheza kwa kanuni zipi, za mwezini?

#26 Muscat_Mwenyeji
Wakuu, mbona mnazunguka Ulaya tu? Mnataka wapiga mishale, nendeni Nubia. Mwaka 642, na tena 652, majeshi ya Waarabu kutoka Misri yalifika hadi Dongola. Wanubi waliwapokea kwa mishale ya macho. Wakaitwa rumat al-hadaq, yaani warushaji wa mboni, kwa vile watu walirudi nyumbani wamepofuka jicho. Mwisho wakakaa chini, wakaandikiana mkataba wa baqti uliodumu karne na karne. Huyo ndiye mpiga mishale wa kuweka mezani. Na jeshi la Nubia lipo kwenye orodha za DBA.

#27 MpindeMrefu
Hii sikuijua kabisa, shukrani mkuu. Lakini wakipigana na farasi wazito si itakuwa yale yale?

#28 Muscat_Mwenyeji
Farasi wazito wa Mfaransa watafika Dongola kutafuta nini? Wapige na wa zama zao. Hiyo nayo ni hoja mmeiacha: watu wanachukua jeshi la 1415 wanalipambanisha na lolote, halafu wanashangaa. Kama unataka farasi dhidi ya farasi, chukua Wamamluki, askari waliotawala Misri. Ain Jalut, tarehe 3 Septemba 1260, jemadari wao Baybars aliwavuta Wamongolia kwa kukimbia kwa hila, sultani wao Qutuz akiwa amejificha na jeshi kubwa. @Mtaani254 Wamongolia wako hao.

#29 Mtaani254
Nimeona. Nimeumia. Lakini Wamamluki wanataka dadu ya amri kila zamu. Ukirusha moja, nusu ya farasi wako wamesimama kama wanasubiri matatu.

#30 Mwl_Rehema
Hapo sasa Mtaani kasema jambo kubwa bila kujua. Kurusha mishale hakuli amri. Ukirusha dadu ukapata moja, mwenye farasi kakwama, wewe wapiga mishale wako wanaendelea kupiga, katika zamu yako na katika zamu yake. Jeshi la pinde ndilo jeshi la mtu mwenye dadu mbaya. MpindeMrefu anaponyanyua vibao vyake na kusogea, anatupa faida hiyo pipani kwa mkono wake. Mzee wa Bao kasema kweli tangu #17.

#31 Mkuki_na_Ngao
Na farasi waliosimama nje ya hatua 200 wanapigwa na nini, macho ya Wanubi?

#32 KadibodiJenerali
Hapa patamu.

#33 Nyuki_wa_Hamburg
Niongeze kisa changu, nacho kinawapinga nyote wawili. Hapa ninapocheza tunatumia Lion Rampant, si DBA. Jeshi la pointi 24, vikosi vichache. Kila kikosi ukitaka kitende unarusha dadu mbili, ukikosa zamu yako yote imeisha, anachukua mwenzako. Farasi wazito wa pointi 6 wana kichwa ngumu: adui akiwa karibu inabidi wajaribu kumrukia, upende usipende.

Mimi naweka vikosi viwili vya wapiga mishale nyuma, na mbele yao askari wepesi wa pointi 2, watu sita tu, chambo. Farasi wa pointi 6 wanawarukia wale wa pointi 2, wepesi wanakimbia, farasi wamesimama peupe wanahema, vikosi viwili vinawamwagia. Nimeshinda hivyo mara nyingi kuliko ninavyostahili. Upinde ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kanuni hii inampa Mfaransa kiburi chake. Kwenye DBA Mfaransa anaendeshwa na binamu aliyetulia, anakunywa chai, anauona uwanja wote kutoka juu kama ndege. Philip wa Sita, mfalme wa Wafaransa, pale Crécy hata kuwasimamisha watu wake alishindwa. Jua lilikuwa linashuka, alitaka wasubiri kesho, walio nyuma wakawasukuma walio mbele.

#34 Tope_Tupu
Na wale Wagenoa wa pinde za kufyatua waliokodiwa na Mfaransa pale Crécy? Si mvua ililowesha kamba zao?

#35 Nyuki_wa_Hamburg
Kuna mwandishi wa enzi hizo aliyesema hivyo, na kuna wanahistoria wasiokubali, kwamba mtu wa kazi hiyo anajua kuifunika kamba yake. Kilicho kizito zaidi ni ngao zao kubwa, zilikuwa bado kwenye magari ya mizigo huko nyuma. Mtu anayejaza upinde wa kufyatua anahitaji ukuta mbele yake. Waliporudi nyuma, wapanda farasi wao wenyewe wakawapitia juu.

#36 Simba_wa_Gesti
Watu wazima na kazi zenu mnabishana sanamu za plastiki. Nchi ina mambo.

#37 FundiNdala
Za kwake ni za risasi na bati mkuu, si plastiki. Karibu, kuna ndala moja imebaki.

#38 BinamuHalisi
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye binamu.

Kwanza, chai ni ya shangazi, si yake. Pili, sijawahi kusubiri dadu ya amri hata siku moja, siyajui hayo mahesabu ya hatua 200. Naona anavyojipanga. Anaweka wapiga mishale mstari mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, watu wa panga anawaficha nyuma yao eti ni akiba. Mimi naenda kwenye ncha ya mstari. Nagusa kibao cha mwisho mbele, farasi wa pili namweka ubavuni. Kibao kikifa naingia kwenye kinachofuata. Ni kama kufungua zipu. Akiba yake inafika wakati zipu imeisha.

Angewaweka watu wa panga kwenye ncha, au angeegemeza ncha kwenye hicho kilima ninachoweka pembeni, ningepata shida. Kilima namwekea kila wiki!

#39 KadibodiJenerali
UZI UMEWAKA

#40 Nyuki_wa_Hamburg
Binamu karibu. Hiyo zipu ina jina, ni Bannockburn 1314. Wapiga mishale wa Edward wa Pili wa Uingereza walibaki ubavuni bila mlinzi, Robert Keith wa Waskoti akaenda nao kwa kikosi cha wapanda farasi, akawatawanya. Miaka 16 kabla, Falkirk, wapiga mishale hao hao waliitoboa ile miviringo ya mikuki ya Waskoti hadi farasi wakapata pa kuingilia. Silaha ile ile, nchi ile ile, tofauti ni nani alisimama ubavuni.

#41 Mkuki_na_Ngao
Binamu anasema hajui hesabu ya hatua 200, ila anafika bila kupigwa mshale. Mtu anaweza asijue kusoma saa na bado akawahi basi.

#42 MpindeMrefu
Binamu, ungenipigia simu haya mambo tukayamalizia nyumbani.

#43 BinamuHalisi
Nilikupigia, ukasema unasoma uzi.

#44 Kilwa_Kisiwani
Samahani kuvamia. Kuna mtu amewahi kutengeneza jeshi la pwani yetu? Ibn Battuta alipita Kilwa 1331 na akaandika kwamba sultani alikuwa akitoka mara kwa mara kupigana bara. Na Mombasa 1505 Wareno wa Almeida walipoingia mjini walipigwa mishale na mawe kutoka juu ya nyumba. Mimi naona mchezo mzima humo: vichochoro, mapaa bapa, mtu wa deraya hajui atazame wapi.

#45 Mtaani254
Hii naunga mkono na miguu. Mombasa juu!

#46 Muscat_Mwenyeji
Hapo DBA haitakufaa, ni kanuni ya uwanja wazi. Lion Rampant inakubali vikosi vidogo, jaribu hiyo. Farasi sahau, vita hiyo ni ya miguu na ya mapaa.

#47 FundiNdala
Nyumba za mawe nachukua kadibodi ya boksi la sabuni, napaka unga wa chokaa uliochanganywa na gundi nyeupe. Paa liache bapa, ukingo inua kwa njiti za kiberiti ili sanamu zisianguke. Nikimaliza ya kwanza naweka picha.

#48 MzeeWaBao
Mlango usisahau. Nyumba ya mawe bila mlango wa nakshi ni ghala.

#49 MpindeMrefu
Ripoti ya jana. Mnisamehe, nitaandika kwa uchungu.

Nilifuata ushauri. Nilikuwa mvamizi tena (Mkuki na Ngao, cheka tu). Ncha ya kushoto nikaiegemeza kwenye kile kilima, ncha ya kulia nikaweka vibao viwili vya panga. Wapiga mishale katikati, nikaapa sisogei. Zamu ya kwanza dadu yangu ya amri ilisoma tano, mikono ikaniwasha, nikaikalia. Mzee ungeniona.

Zamu ya tatu binamu akaleta farasi wawili karibu, dadu yake ikamwishia njiani, wakabaki ndani ya hatua 200. Watatu kwa mmoja, kama Mwalimu alivyofundisha. Mimi sita, yeye mbili. Nikamtoa mezani kwa vidole vyangu viwili, taratibu. Zamu iliyofuata nikamtoa wa pili.

Halafu jamaa akatulia kabisa, farasi wote nje ya mishale. Sikuona amebadilisha kibao kimoja. Kumbe ameleta MZINGA. Unafika mbali kuliko upinde. Zamu moja, zamu mbili, kibao changu kimoja kikaenda. Nikavumilia. Cha pili kikaenda. Nikashindwa, nikasogea kuufuata ule mzinga. Mnajua kilichofuata. Nne kwa tatu.

#50 Nyuki_wa_Hamburg
Formigny, tarehe 15 Aprili 1450. Wafaransa walileta mizinga miwili midogo, wakawapiga Waingereza kutoka mbali hadi wapiga mishale wakachoka kuvumilia, wakatoka kwenye vigingi vyao kwenda kuikamata. Waliikamata kweli. Halafu Richemont, jemadari wa Wafaransa, akatokea ubavuni na farasi.

Binamu, ulisoma wapi?

#51 BinamuHalisi
Sijasoma. Niliona kwenye orodha inaruhusiwa, nikasema nijaribu, sanamu yake ni nzuri.

#52 Mwl_Rehema
Nne kwa tatu baada ya kufungwa sita mtawalia ni maendeleo. Hicho cha tatu ulikiua vipi?

#53 MpindeMrefu
Jemadari wangu kwenye kilima, nilikuwa nimemsahau pale. Akaja farasi mmoja kupanda, akashuka amelala.

#54 Mkuki_na_Ngao
Hamieni toleo la 3 jamani.

#55 BinamuHalisi
Jumapili ijayo tunabadilishana majeshi. Yeye farasi, mimi pinde. Nitaleta ripoti.

#56 Tope_Tupu
Na tope?

#57 FundiNdala
Tope natengeneza kwa kahawa iliyokwisha chujwa na gundi. Acha ikauke usiku mzima, bila hivyo inanuka na sisimizi wanakuja, na sisimizi hawana kibao chao kwenye DBA.